Baba mdogo anataka biashara, mimi nataka Zhuangzi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa Korogwe. Nipo Hangzhou, China, kwa ufadhili wa serikali ya huku. Mwaka wa mwanzo nilisoma lugha tu, na sasa namaliza mwaka wa pili wa shahada yenyewe ya lugha ya Kichina. Tukiingia mwaka wa tatu tunagawanywa mikondo miwili: Kichina cha biashara, au fasihi na fikra za kale. Fomu inatakiwa irudishwe kabla ya likizo ya kiangazi. Kila siku naifungua, naitazama, naifunga.

Moyo wangu uko kwenye fasihi. Muhula huu tulisoma kisa cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa China, na rafiki yake Huizi wakiwa juu ya daraja la mto Hao. Zhuangzi anasema, waone samaki wale wanavyoelea, hiyo ndiyo raha ya samaki. Huizi anamwambia, wewe si samaki, umejuaje raha yao? Mwenzake anamrudishia: na wewe si mimi, umejuaje kwamba sijui? Darasa lilibishana mpaka muda ukaisha, na mimi ambaye huwa sifungui mdomo nikajikuta nimenyoosha mkono mara mbili. Nimekuwa nikisoma kitabu cha Zhuangzi usiku, mstari kwa mstari, kamusi pembeni.

Sasa matatizo. La kwanza ni baba mdogo. Ana duka la viatu Kariakoo, na mzigo wake unatoka Yiwu, mji wa soko la jumla, ambako kwa treni ya mwendokasi kutoka hapa haifiki saa moja. Yeye ndiye aliyenikatia tiketi ya ndege na kunipa hela ya kuanzia maisha. Amesema wazi kwamba hakunileta huku nije kusoma hadithi za samaki. Hata sasa ananitumia sauti za wauzaji kwenye WeChat usiku nimtafsirie, nikichelewa anakasirika. Likizo hii anataka nikae Yiwu mwezi mzima niwapokee wafanyabiashara wenzake, kila mmoja atanipa kamisheni.

La pili ni mama. Ni mtu wa swala tano. Aliposikia nataka kusoma "fikra za Confucius", yule mwalimu wa kale wa China, aliniuliza kama nimeanza dini ya Wachina. Nilicheka, yeye hakucheka.

La tatu ni darasani. Wenzangu wengi ni Wakorea na Wajapani. Herufi ambazo mimi nazikesha, wao wamezijua tangu shuleni kwao. Mtihani wa Kichina cha kale nilipata sitini na kidogo, wao themanini na tisini. Mwalimu mmoja alinishauri kwa upole kwamba mkondo wa biashara "utanifaa zaidi". Sijui kama alimaanisha alama zangu au rangi yangu.

Nifanyeje?

Binti wa Korogwe


Marahaba mwanangu.

Nianze na Yiwu, kwa sababu hilo linaweza kukurudisha nyumbani hata kabla hujajaza fomu. Kibali chako cha ukaazi ni cha masomo. Kwa sheria na kanuni za China zilizoanza kutumika mwaka 2013, mwanafunzi wa kigeni anayetaka kufanya kazi nje ya chuo lazima kwanza apate ruhusa ya chuo, kisha idara ya uhamiaji iiandike ruhusa hiyo kwenye kibali chake. Bila hivyo ni ajira haramu. Faini yake ni kati ya yuani 5,000 na 20,000, na kosa likionekana zito unawekwa ndani siku tano hadi 15. Kuwatembeza wateja sokoni na kupokea kamisheni ni kazi, hata kama wateja ni jirani zake baba mdogo na hata kama mnalipana kwa WeChat. Posho yako ya yuani 2,500 kwa mwezi najua haina maajabu, lakini ufadhili wenyewe hukaguliwa kila mwaka, na taarifa ya polisi haikai vizuri kwenye faili la ukaguzi. Kwa hiyo Yiwu ya mwezi mzima haipo. Ukitaka kazi ya likizo, anzia ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uliza taratibu, upewe karatasi.

Baba mdogo umweleze hivyo hivyo, kwa sababu ya sheria, wala usiichanganye habari hii na Zhuangzi. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo nje anaelewa faini kuliko mtu yeyote.

Halafu kuna deni. Tiketi ilikatwa na hela ilitoka, na kwa heshima zetu hilo halisahauliki. Ila naona mmeliacha deni lielee bila kipimo, ndiyo maana limemeza usiku wako na sasa linataka kumeza na shahada. Lipe mipaka. Kumsaidia mzee wako kutafsiri ujumbe ni jambo la kifamilia, halina ubaya, basi mpangie jioni mbili kwa wiki, saa moja moja, na sauti zote azikusanye mpaka siku hiyo. La mkondo usimwambie wewe kwenye simu. Tafuta mtu mzima anayemheshimu, mama mkubwa, au babu kama yupo, aende dukani akae naye. Binti wa miaka 23 akibishana na baba yake mdogo kwa ujumbe wa sauti anashindwa hata akiwa na haki.

Huyo atakayekwenda naye anahitaji la kusema, maana swali la baba mdogo ni la haki: mtoto atakula nini?

Kichina cha biashara ni maneno ya mkataba, ya forodha, ya malipo, na barua za kuomba bei. Yanasomeka. Mtu mwenye Kichina kizuri anayashika akiwa kazini, kwa miezi, kwa sababu yanajirudia. Kichina cha kale hakina njia hiyo, hakuna kampuni itakayokupa miezi ya kukisoma. Nafasi ya kukaa na mwalimu anayekufungulia maandishi ya miaka elfu mbili unayo sasa, na umelipiwa. Tena ile kazi ya kupatana bei ndiyo inayoondoka kwanza. Baba mdogo mwenyewe akiwa dukani anaelekeza simu kwenye boksi na maandishi yanageuka, na kesho atakuhitaji kidogo kuliko leo. Wanaobaki na kazi ni wale wanaosoma maandishi marefu bila mtu wa kuwashika mkono: wanaotafsiri sheria na vitabu, wanaofundisha, wanaofanya utafiti, wanaoandika maneno ya tamthilia. Unakumbuka ile ya Kichina iliyotiwa Kiswahili ikaonyeshwa TBC mwaka 2011, watu wakaipenda kama ya nyumbani? Kuna mtu aliyekaa akatafuta maneno ya mama mkwe wa Beijing yatakayomchekesha mama mkwe wa Mbagala. Redio ya China imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina taasisi za Kichina tangu 2013, na shule kadhaa za sekondari zinakifundisha. Sikuahidi ajira, hakuna anayeweza. Nasema tu kwamba mkondo wa fasihi haukufungii milango hiyo, na mkondo wa biashara haukufungulii yote.

Na kuna jambo ambalo naona hujaliona kabisa. Mwaka 1225 afisa wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, jina lake Zhao Rugua, aliandika kitabu cha nchi za ng'ambo kwa kuwahoji wafanyabiashara wa kigeni. Ndani yake imo nchi anayoiita Cengba, ambayo wanahistoria wengi wanaihusisha na pwani yetu, pande za Zanzibar. Anasema watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanajifunga vitambaa vya pamba vya buluu na kuvaa viatu vya ngozi nyekundu. Anataja pembe za ndovu, dhahabu, ambari, na meli zinazokuja kila mwaka na vitambaa, shaba na vyombo vya kauri. Hapo babu akifika dukani amwambie baba mdogo kwamba Mchina alikuwa anahesabu viatu vya pwani yetu karibu miaka 800 iliyopita. Baadaye zikaja safari za Zheng He, amiri wa meli za China, kati ya 1405 na 1433, na yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415, watumishi wa kasri wakadai ni qilin, mnyama wa baraka wa kwenye vitabu vyao.

Maandishi yote hayo ni ya Kichina cha kale. Sisi tumezoea kuyapata kwa mkono wa pili: tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Zhao ilitoka mwaka 1911, na mpaka leo ndiyo inayonukuliwa. Msomi wa Kiswahili anayeyafungua mwenyewe na kuona neno ambalo wafasiri wa 1911, wasiojua pwani, walilipita tu, huyo ana kazi ya maisha. Si lazima uwe wewe. Lakini ukienda mkondo wa biashara, hakika hutakuwa wewe.

Sasa darasani. Kuhusu alama au rangi, sikuwepo, siwezi kumhukumu mwalimu wa watu. Lakini unaweza kumpima: mwendee ofisini na karatasi yako ya mtihani, umwombe akuonyeshe ulipokosea na ukisome nini. Akikuonyesha, alikuwa anasema alama. Akikurudishia tu lile la "kukufaa", tafuta msimamizi mwingine, wapo.

Hao Wajapani wametoka shule na orodha rasmi ya herufi 2,136, na sekondari wamesomeshwa maandishi ya Kichina cha kale kwa namna yao ya kuyasoma Kijapani. Wakorea nao wana orodha yao ya herufi 1,800 za shule, na maneno chungu nzima ya lugha yao yana asili ya Kichina. Kwa karne nyingi wasomi wa Korea, Japani na Vietnam waliandikiana kwa Kichina cha kale hata kama hawakuweza kuzungumza. Kwa hiyo wenzako wamerudi kwenye nyumba ya jamaa, wewe umeingia kwa mara ya kwanza. Wamarekani wanaofunza mabalozi wao hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina, Kijapani au Kikorea, na saa zisizofika 1,000 kwa Kiswahili. Hebu fikiria umbali wa kutoka Kiswahili kwenda Kichina. Sitini na kidogo kwa aliyeanzia sifuri Korogwe ni alama ya mtu anayekwenda.

Wanapokuzidi wao ni kwenye kuzitambua herufi, na herufi hupatikana kwa mkono. Zinakiliwe kila siku kwa kalamu, si kwa simu. Ila Kichina cha kale hakimwangushi mtu kwa herufi ngumu, kinamwangusha kwa zile ndogo: zhi, er, qi, yi, yu, zhe, ye. Hizo ndizo zinazofanya kazi ya viambishi vyetu, zinasema nani kafanya nini, lipi limetangulia, sentensi imeishia wapi. Chukua kile kisa cha mto Hao, ni kifupi. Kihifadhi kwa moyo, ukisome kwa sauti, halafu kila herufi ndogo uiandikie pembeni kazi yake mahali pale. Usifungue kwanza tafsiri ya Kichina cha leo iliyo ukurasa wa pili. Naona wanafunzi wengi wanaisoma ile, wanafurahi wameelewa Zhuangzi, kumbe wamemwelewa mhariri.

Kwenye ushairi ndipo utakapowaacha. Umekulia kwenye vina na mizani, hata kama ulikuwa unachukia kipindi cha ushairi. Shairi fupi la enzi ya Tang lina mistari minne ya herufi tano au saba, kila herufi silabi moja, na kina huangukia mstari wa pili na wa nne. Mwenzako aliyezoea mashairi yasiyo na kanuni atalazimika kueleweshwa kwa nini mtu ajifunge hivyo. Wewe hata huulizi. Tazama lile la Mnara wa Korongo, linalonasibishwa na Wang Zhihuan: mstari wa kwanza jua jeupe linalala milimani, wa pili mto wa manjano unaingia baharini. Rangi kwa rangi, jua kwa mto, kulala kwa kuingia, mlima kwa bahari, kila neno limekalia kiti kile kile. Juu ya hayo kuna mpangilio wa toni, na hapo Kichina cha leo kitakudanganya, kwa sababu sauti zimebadilika. Neno bai, jeupe, zamani liliishia na k na lilihesabiwa kwenye kundi jingine la toni. Wakantoni bado wanaitamka ile k. Mtafute mwenzako wa Guangzhou akusomee shairi hilo kwa lugha ya kwao, utasikia mizani ikikaa. Na kama nyumbani kwenu mnaongea Kisambaa, sikio lako limezoea toni zamani, ingawa zake zinakwenda kwa njia yake.

Mama sasa. Usimcheke tena, swali lake si la kijinga. Wapo wanaomfanyia Confucius ibada hekaluni, na ukialikwa kwenye shughuli ya kuinama una haki ya kukaa pembeni, hakuna atakayekulazimisha. Lakini kusoma si kuabudu. Kitabu cha maneno yake, Lunyu, ni mazungumzo ya mwalimu na wanafunzi wake. Mwanafunzi mmoja alimuuliza namna ya kuwahudumia mizimu, akajibiwa: hujaweza bado kuwahudumia watu, utaihudumiaje mizimu? Na sehemu nyingine anasema wazazi wakiwa hai mtoto asisafiri mbali, na akisafiri, wajue aliko. Msomee mama hilo la pili kwenye simu. Nadhani atalipenda kuliko wewe.

Mwambie pia kwamba hapo hapo Hangzhou upo Msikiti wa Feniksi, mmoja wa misikiti ya kale kabisa ya China. Hata kama huwa unasali chuoni, nenda Ijumaa moja umpigie picha. Kisha, hili ni lako wewe, tafuta habari za Wang Daiyu na Liu Zhi. Hao ni wanazuoni wa Kiislamu wa China wa karne ya 17 na 18 walioandika kuhusu tauhidi na ibada kwa Kichina cha kale, wakitumia msamiati wa wasomi wa Confucius ili majirani zao wawaelewe. Mwaka wa nne utatakiwa tasnifu. Msichana wa pwani, aliyepita madrasa, anayesoma Kichina cha kale, akimsoma Liu Zhi ataona vitu ambavyo Mkorea mwenye alama tisini hatavijua hata vikimkaa mbele ya macho. Msimamizi mwenye akili atafurahi.

Umeshaona ninakoelekea: jaza fasihi. Lakini kwa masharti. Kwanza ofisi ikuhakikishie kwa maandishi kwamba mikondo yote miwili imo ndani ya fani iliyo kwenye barua yako ya ufadhili, maana ufadhili ule kwa kawaida hauruhusu kubadili fani. Pili, chukua somo la Kichina cha biashara kama la hiari, hata mawili. Unamzuia baba mdogo kusema umemdharau, na kweli yatakusaidia. Tatu, kabla ya kusaini, chagua sura moja ya Zhuangzi ambayo mwalimu hakuifundisha, uisome peke yako kwa wiki moja, bila darasa la kubishana wala hadhira. Ukiona umechoka nayo na unatamani tu ile raha ya siku ya samaki, basi ulipenda ule mjadala. Nenda biashara bila aibu, na usome Zhuangzi kwa starehe yako.

Anza na kutafsiri, moja kwa moja kwenda Kiswahili, bila kupitia Kiingereza. Vipande vifupi vifupi, kimoja kwa wiki. Barua yako ina Kiswahili kizuri, kilinde, kwa sababu kukaa huko miaka kunakifanya kiwe chembamba. Soma magazeti ya nyumbani, soma tenzi.

Na karatasi zako zikusanye mapema. Ukirudi, Tume ya Vyuo Vikuu itataka kuithibitisha shahada yako kabla mwajiri hajaitambua, kwa hiyo usitoke Hangzhou bila cheti, matokeo yote ya kila muhula yenye muhuri wa chuo, tafsiri rasmi ya Kiingereza, na cheti cha HSK, ule mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni. Cheti hicho kisiishie daraja la nne, huko ulishafika. Lenga la sita. Kuandikia barua chuo cha huko ukiwa Korogwe, uombe wakutumie muhuri mmoja uliosahaulika, kunaweza kula mwaka.

Shangazi